Maneno ya Angelina katika Kitabu cha Kirusi

Jumatatu, 6 Septemba 1976

Kifurushi kutoka Urusi, kupitia misheni ya Matombo. Kijitabu cha kijivu, kurasa ishirini na nne, na barua ya Fransisko—mwanafunzi wangu, niliyempa chumba na taa miaka mitatu. Anasomea isimu katika chuo kikuu cha mkoani huko. Huu ni muhtasari wa tasnifu yake juu ya Kiluguru. Ataitetea mwishoni mwa Oktoba. Desturi yao: muhtasari hutumwa kwa wajuzi, na maoni yao husomwa kwa sauti mbele ya baraza. Yasiyo na muhuri wa ofisi hayasomwi. Anaomba maneno mawili ya kumpa nguvu. Barua ina makosa sita. Nimeyapigia mstari.

Kirusi sijui hata herufi. Lakini mifano ya Kiluguru iko katika herufi zetu. Ukurasa wa tisa—mvua hii itatuozeshea ndizi. Ukurasa wa kumi—usinisukume, nimebeba moto. Maneno ya marehemu mke wangu, Angelina! Aliyasema jikoni, mimi nikiandika kwenye kadi.

Alhamisi, 9 Septemba

Nimeshuka Morogoro kwa lori la ndizi. Bwana Saidi, mhadhiri wa kilimo aliyesomea Urusi, amenisomea kijitabu chote. Jina langu halimo. Nikamtaka atazame tena. Halimo, Mzee. Chini ya mifano: imekusanywa na mwandishi, 1974, kutoka kwa mkulima mwanamke wa kijiji cha ujamaa.

Angelina alifariki 1969. Wakati huo hapa kwetu hata kijiji cha ujamaa hakikuwapo! Saidi alicheka, akasema baraza la kule likisikia ujamaa linapiga makofi kabla ya kusoma. Mimi sikucheka. Mwizi, na mwongo. Tena mwongo mzembe.

Ijumaa, 10 Septemba

Maoni nimeyaandika. Kurasa mbili, Kiingereza safi. Hayana matusi, hayayahitaji. Yakisomwa, shahada hana.

Kasimiri, katibu wa kijiji, atakuja Jumatatu na muhuri. Nilipomweleza sababu, akauliza, sasa kijana akinyimwa shahada atarudi kufanya nini? Kulima, Ndugu Katibu. Si ndiyo siasa yenyewe?

Jumapili, 12 Septemba

Baada ya misa amekuja Felista, mama yake Fransisko. Shikamoo ya baridi. Kiti amekikataa. Kasimiri amekwisha kumwambia yote—mdomo wa katibu huo!

Nikamweleza: mwanao ameiba. Akakubali! Ndiyo, Mwalimu, alinakili kadi humu humu, nilimwona. Na hizo kadi zako zina jina la nani? Langu, nikamjibu. Mimi ndiye niliyekusanya.

Akacheka. Cheko baya. "Nilikuwapo jikoni, Mwalimu. Mwenzangu anapepeta mchele, wewe umekaa kitini. Rudia, Angelina. Rudia tena. Rudia nimezisikia nyingi. Asante sikuisikia hata siku moja."

Nikamwambia atoke. Alikuwa ameshatoka.

Mwanamke asiye na adabu. Kwa kuwa ndiye aliyemwosha Angelina siku ya msiba, anadhani ana ruhusa ya kusema chochote nyumbani kwangu.

Jumatatu, 13 Septemba

Tangu asubuhi nafungua masanduku. Kadi elfu tatu mia moja na kumi na mbili. Juu, kulia, tarehe. Chini, "imekusanywa na"—sahihi yangu. Katikati, "msemaji", nafasi hiyo niliichora mwenyewe kwa rula. Nimeandika nini? Mwanamke, Matombo. Kadi inayofuata—mwanamke, Matombo. Sanduku zima! Jina lake nimelitafuta kama nilivyomtuma Saidi atafute langu. Halimo.

Miaka mitatu Fransisko alikaa meza hii akinitazama ninavyojaza kadi.

Hilo halimsafishi. Mwizi ni mwizi.

Maoni yangu yanaanza hivi: mifano hii ni mali yangu. Sentensi hiyo nimeikata. Karatasi imechafuka, na mimi sijawahi kupeleka karatasi chafu popote.

Kasimiri amefika. Yuko mlangoni, muhuri mkononi, ameshaupaka wino. Anauliza, nigonge wapi, Mwalimu? Nimemwambia asubiri kidogo. Ameketi. Posta ya leo inaondoka na lori la saa nane. Karatasi iko mbele yangu, sijui sentensi ya kwanza iwe ipi. Anauliza tena—wino unakauka.