Mkono Uliokataa Kupanda

Mjukuu wangu Mwanasha,

Amani ya Mola ikufikie huko Nairobi. Mimi ni mzima. Shangazi yako amehamia kwa mumewe Lunga Lunga, kwa hiyo nyumba imekuwa kimya mno.

Umeniuliza kama mazoezi ya bega yanafaa, maana yanakuumiza. Miaka ile uhuru ulipokuwa mpya, bega liliniuma hata sikuweza kujifunga mtandio. Babu yako alikuwa akifanya kazi bandarini Mombasa. Muuguzi wa hapa Msambweni alinifundisha kutambaza vidole ukutani, kwenda juu polepole, huku mtu akinishikilia kiwiko.

"Sina mtu," nikamwambia.

Basi nilijaribu peke yangu, nikawa nalia. Mavyaa wangu, mamake babu yako, ambaye hakusema nami tangu harusi, akanikuta ukutani. Hakunisalimu. Alikishika kiwiko changu, akasema, "Panda kidogo. Haya, pumua."

Akawa anakuja kila asubuhi mpaka mkono ukapanda wote. Hatukuzungumza mengi. Lakini alipofariki, mimi ndiye niliyemwosha.

Mwombe jirani yako, mwanangu, wala usione haya. Ningekuwa karibu, ningekushikilia mimi.

Bibi yako akupendaye