Nilimmulika Mama Machoni, Nikawaambia Ndugu Zangu Amechanganyikiwa

Mpendwa Shangazi,

Naomba msaada, na naomba pia unisome mpaka mwisho kabla hujanikasirikia, maana hata mimi nimejikasirikia mpaka chakula hakipiti.

Mimi ni mziwanda katika watoto watatu, naishi na mama yetu katika nyumba yake, na kazi yangu ni ukaguzi katika karakana ya kushona sare za shule, yaani sare ikitoka kwa mshonaji inapita kwangu, naigeuza ndani nje nikitafuta uzi uliokatika na mshono uliopinda, na wenzangu wananiita Darubini kwa sababu hakuna kosa linalonipita. Nakwambia hili ili ujue naona aibu kiasi gani.

Mama ana kope zinazoota kwa ndani, zinamchoma jicho la kulia, na muuguzi wa kliniki alinionyesha namna ya kuzing'oa kwa kibano, moja moja, wakati tunasubiri nafasi ya daktari. Sasa kope zenyewe zimekuwa nyeupe na nyembamba, huzioni, basi wiki sita zilizopita nikaona nitumie kitochi changu cha kwenye funguo, kile ninachokitumia kazini kutafuta mshono mweusi kwenye kitambaa cheusi. Ni kidogo kama kidole gumba lakini ukikiwasha uani unauona mpaka ukuta wa jirani. Mkono mmoja una kibano, mwingine unashika kope, kwa hiyo kitochi nikakiuma kwa meno, nikamsogelea mama karibu kabisa, nikawasha.

Mama akaruka. Akasema, "Ondoa, inaniumiza." Nikadhani anasema kibano, kumbe kibano hata hakijamgusa. Siku ya pili akafumba jicho akakataa kulifumbua, siku ya tatu akageukia ukutani, na mimi nimetoka kazini miguu imevimba, nikaona ananifanyia makusudi, nikamshika kichwa, Shangazi, nikakibana kwa mkono, nikalifungua jicho kwa vidole, nikammulika. Mama akanipiga kofi. Mama ambaye hakunipiga hata nilipovunja dirisha la watu.

Jioni ile nikampigia simu dada yetu mkubwa, nikalia, nikasema mama amebadilika, ananipiga, anageukia ukuta, akiniona nakuja anajifunika shuka usoni. Yote yalikuwa kweli. Ila sikusema kwamba nilimbana kichwa, na kitochi sikukitaja kwa sababu hata hakikunijia akilini. Dada akampigia kaka, kaka akamwambia wifi, na kila mmoja akaanza kukumbuka lake. Wifi akakumbuka mama alivyosahau jina la mtoto wao. Dada akakumbuka mama alivyoacha maji jikoni yakakauka, jambo ambalo dada mwenyewe hulifanya kila wiki. Haikupita muda ukoo mzima ukajua mama amechanganyikiwa. Tukamnyang'anya funguo za nyumba tukisema asije akatoka akapotea. Kaka akaamua atamchukua akae kwake, mji mwingine, ghorofa ya nne, na anakuja na gari Jumapili hii. Mama alipoambiwa alisema tu, "Kama mmeshaamua," akaingia chumbani akaanza kukunja nguo.

Sasa sikia kilichonipata. Juzi kazini vumbi la kitambaa liliniingia jichoni. Fundi wa cherehani, mzee mcheshi, akaniambia kaa hapo, akachukua kitochi changu hicho hicho mezani, akanimulika. Shangazi, niliona weupe mtupu, nikasikia maumivu mpaka kisogoni, na mkono wangu ukaenda wenyewe ukampiga fundi wa watu kofi la shavu. Karakana nzima ikaangua kicheko. Fundi akajishika shavu akasema, "Darubini, mimi nakutoa vumbi, wewe unanitoa meno!" Wakazidi kucheka, na mimi nikaanza kulia, wakadhani ni jicho.

Nilipotulia nikamuuliza fundi mwanga ule unapunguzwaje. Akasema, "Dada yangu, hii ni ya kumulika njia. Jicho la mtu halitaki hata robo yake." Tukajaribu hapo hapo. Wino mweusi tuliopaka kwenye kioo cha kitochi ukafutika kwa jasho la vidole. Utepe wa gundi wa kahawia ukatoa mwanga mwekundu, kila kitu kikawa rangi moja. Mwisho tukachukua plasta nyeupe kwenye sanduku la huduma ya kwanza, tukakata viduara, kimoja mwanga bado mkali, cha pili juu yake ukatawanyika ukawa laini, nikajimulika mbele ya kioo nikahesabu kope zangu bila kupepesa.

Jioni nikamsogelea mama. Kwanza alijikunyata, kisha akafumbua jicho polepole, akaliacha wazi. Nikang'oa kope saba. Nilipomaliza akanishika mkono akasema, "Leo umekuwa na mkono mwepesi, mwanangu. Mungu akubariki." Shangazi, bora angenipiga tena.

Nimefikiri niwaambie ndugu zangu kwamba mama amepata nafuu, safari iahirishwe, mambo yaishe kimya kimya. Je, hiyo haitoshi? Nikisema ukweli wote, dada atanionaje, na wifi ambaye siku zote ananitafutia sababu, na mama mwenyewe akijua kwamba ni mimi niliyemsemea hayo? Nisaidie, uso wangu sijui niuweke wapi.

Darubini

*

Darubini,

Barua yako nimeirukisha foleni kwa sababu Jumapili haitungoji. Nimeisoma mara mbili. Ya kwanza nilikuonea huruma, ya pili nilitaka kukuvuta sikio.

Huruma ichukue kwanza, ni fupi. Ndugu zako wanauguza kwa simu, wewe ndiye mwenye kibano na miguu iliyovimba. Kosa la mwanga angelifanya yeyote, hata mimi. Ulipoligundua ulilirekebisha siku hiyo hiyo, hongera, na nenda ukamwombe radhi fundi wa watu kwa lile kofi.

Sasa lete sikio. Mama alikwambia. Siku ya kwanza kabisa alisema "inaniumiza", na mtu anayesema inaniumiza wakati inamuumiza, huyo akili zake ni timamu. Wewe hukumsikia, na hata ungemsikia usingemjibu, mdomo umejaa tochi. Halafu unaniambia uliyomsimulia dada yako yote yalikuwa kweli! Ulimpelekea kofi, ukaficha kichwa kilichobanwa. Nusu uliyoiacha ndiyo iliyokuwa yako.

Neno "nafuu" usithubutu kulitamka. Anayepata nafuu ni aliyekuwa mgonjwa. Ukisema mama amepata nafuu, siku atakayosahau chumvi kwenye mboga watasema imerudi. Siku atakayomgombeza wifi yako, na inaelekea wifi yako anastahili, watasema imerudi. Funguo hatazipata, na kila atakalosema watatazamana kwanza kabla ya kumjibu. Jumapili hii utaivuka, lakini mama ataishi na jina la wazimu mpaka mwisho wake, na wewe utakuwa chumba cha pili ukijua limetoka wapi.

Anza na mama, tena mchana, mkiwa wawili. Bandua ile plasta, mwekee kitochi mkononi, umwambie hiki ndicho kilichokuwa kinakuumiza, na nikakushika kwa nguvu, na nikawaambia wenzangu umechanganyikiwa. Usilie kabla hujamaliza. Ukilia ataanza kukubembeleza wewe, nawajua akina mama, na mazungumzo yatakuwa juu yako. Akikasirika mwache akasirike. Mrudishie funguo zake kabla hujainuka pale. Kisha muulize anataka kukaa wapi, maana katika barua yako nzima nimetafuta mtu aliyemuuliza na sikumwona. Akisema anataka kwenda kwa kaka yako apumzike kidogo mbali nawe, utamfungia mizigo kwa adabu.

Na kwa kuwa kope zitaota tena, sikiliza na hili. Plasta mpya ikunje ncha moja ili iwe rahisi kubandua, kwa sababu siku ya giza kwenye ngazi utauhitaji mwanga wote. Ikichafuka ibadilishe. Jaribu kwenye jicho lako kabla ya lake, kila mara, hata kama jana ilikuwa sawa. Mulika kutokea upande wa sikio, usimpige na mwanga wa mbele. Na kitochi hicho kitoe mdomoni mwako, mpe mama akishike mwenyewe, akisema basi anazima, nawe unasubiri. Halafu nenda kliniki ukaulize nafasi ya daktari imefikia wapi, kibano ni cha kuvumilia tu, si matibabu.

Ukishamaliza na mama, piga simu. Usiandike ujumbe, piga, wasikie sauti yako. Kwa dada, kisha kwa kaka, maneno yale yale: "Mama hana tatizo la akili na hakuwahi kuwa nalo. Nilimuumiza jicho, nikambana kichwa, akajitetea. Mimi ndiye niliyekosea." Usiongeze kwamba ulikuwa umechoka. Wanajua ulikuwa umechoka, na kama hawajui, hilo ni la siku nyingine, na siku hiyo niandikie, nitawavuta wao sikio. Wifi atasema lake. Litauma, litaisha.

Unaniuliza uso wako uuweke wapi. Mwanangu, aibu hii imeshabebwa wiki nyingi. Mama yako ndiye aliyenyang'anywa funguo za nyumba yake mwenyewe, yeye ndiye anayejadiliwa kwenye simu za watu, na sasa hivi unaposoma gazeti hili yuko chumbani anakunja nguo. Amebeba mzigo wako na hata hajui ni wa nani. Nenda ukampokee.

Shangazi