Uliyemrudishia Baba Kauli

Mpendwa mama,

Shikamoo. Tulikuzika juzi, na sitangoja machozi yakauke ndipo nikuandikie, maana kuna jambo hukuliona.

Unakumbuka baba alivyopigwa na kiharusi pale sokoni Kibaigwa, miaka ile biashara ya mahindi ilipofunguliwa kwa watu binafsi na kila mwenye sauti akawa dalali? Yeye aliwazidi wote kwa sauti. Alirudi nyumbani Nkuhungu mkono umelegea na neno limebaki moja: lori. Chai, lori. Mimi, lori. Mchungaji alipokuja kumwombea, naye akaitwa lori. Ukacheka mpaka ukaketi chini, na baba akacheka nawe. Hapo nikajua kwamba bado yumo.

Hospitali walikuambia uanze na maneno anayoyatamka bila kufikiri. Ukachukua debe na mahindi. Ulimimina huku ukiimba hesabu kama wapimaji wa sokoni, na mtu aliyeshindwa kuomba maji akaimba nawe. Kutoka kwenye hesabu ukamvusha kwenye salamu, kisha kwenye majina yetu. Ilichukua miaka, mama, na shamba lilikuwa lako peke yako.

Wageni ndio waliokumaliza subira. Kwa adabu zao walimmalizia baba kila neno. Ulimkemea hata baba mdogo: "Ngojeni bwana! Maneno anayo, anayatafuta."

Siku hizi nasikia wataalamu huchochea ubongo kwa umeme hafifu huku wakimfundisha mgonjwa kusema. Hongera zao. Sisi hata umeme wa taa ulikuwa wa mgawo, tulikuwa na wewe tu. Ninajivunia kuzaliwa na mwanamke kama wewe.

Sasa sikiliza. Makaburini, ulipofika wakati wa shukrani za familia, baba mdogo alisimama aseme kwa niaba ya kaka yake. Baba akamvuta koti, akasimama mwenyewe. Akafungua kinywa, kimya. Niliogopa, kwa kuwa lile neno lingekuwa lake la mwisho kwako, na watu wangeweza kumnyang'anya kwa huruma. Lakini waombolezaji karibu wote uliwahi kuwakemea sebuleni kwako. Walisimama juani, wakangoja.

"Mke wangu," akasema. Akatafuta tena, jasho likimtoka.

"Alinisubiri."

Kisha akaketi, na baba mdogo hakuongeza kitu.

Lala salama, mama.

Binti yako wa kwanza