Neno Nililomwekea Kanana

Kisumu

Mdogo wangu Karimi,

Pokea salamu za kaka yako. Magoti yanasemaje baridi hii ya Nkubu? Shemeji bado anabishana na ng'ombe wake? Mimi niko hapa kwa binti yangu, joto haliniachi na moyo umechoka. Daktari huniambia nipumzike, kwa sauti ileile niliyotumia mimi nikiwa mwalimu kuwaambia wazazi kwamba mtoto wao hatafaulu. Kwa hiyo nataka kukuambia jambo nililokuficha.

Unakumbuka binti yako Kanana alipoleta wimbo wake mbele yetu wazee wa kanisa, tuupitishe kabla haujaimbwa ibadani? Ulihusu kijana anayetafuna miraa mpaka usingizi unamkimbia, kisha anakunywa ili alale, na Yesu anamkuta mtaroni, anaketi naye bila kuona haya. Mimi mwenyekiti nilisema unachafua madhabahu.

Akaniuliza kwa adabu, "Mjomba, neno gani ni chafu, nilitoe?"

Nikamjibu aliweke gitaa chini kabisa, la sivyo asahau baraka yangu. Wajua kwetu neno la mjomba lilivyo zito. Hajaimba tena tangu siku hiyo.

Karimi, hapakuwa na neno chafu. Kanana akijua asijue, kijana wa mtaroni alikuwa Mwenda, mwanangu. Ninyi nyote niliwaambia amepata kazi ya ofisi Embu. Niliogopa waumini wangemtambua.

Mwezi jana Mwenda alinipigia kutoka Laare. Kumbe wanakwaya walikuwa wameurekodi wimbo kwa simu siku ya mazoezi, ukatembea mpaka kwa vijana wanaofunga miraa mafungu huko Laare.

"Baba, siku hiyo nilikuwa nimeshatafuta kamba ya kujinyonga," aliniambia. "Wenzangu wakafungulia huo wimbo. Nikasikia ni mimi ninayeimbwa, na sikutukanwa. Nikaketi chini, nikausikiliza wote."

Nikamuuliza, "Na sasa?"

"Bado nafunga miraa, lakini sitafuni. Wananiita pasta."

Tulicheka. Kisha akaniuliza, "Mbona Kanana hana wimbo wa pili? Vijana huku wanauliza." Nikamwomba ruhusa nikuandikie yote.

Siwezi kusafiri kuja kumtemea mate ya baraka kama wazee wetu walivyofanya. Nikifa kabla ya kuliondoa neno langu, litamkalia mtoto huyu maisha yake yote. Basi naliondoa kwa mkono wangu huu. Kanana ashike gitaa lake, nami namwomba msamaha.

Nisalimie shemeji, mama mlezi wa kwaya, na katibu wetu wa kanisa aliyeandika uamuzi ule kwa sababu nilimwamuru.

Barua hii usiiweke mpaka mazishi yangu, mzee akiwa hawezi tena kuulizwa. Isome Jumapili hii mbele ya kanisa zima. Mwenda ameniruhusu kumtaja. Mwenye swali anipigie, simu ningali naweza kuishika.

Ni mimi kaka yako,
Mwalimu M'Ikiara