Muhuri wa Nyumba Namba Tano

Jumatatu, 8 Septemba
Mwanangu Kotoha kalala. Nina dakika ishirini, labda.
Video imefika watu laki tatu. Mimi na ndara, mtoto mgongoni, naanika nepi huku napiga danadana. Mume wangu Soma aliirekodi kwa mzaha, akaitupa mtandaoni. Misimu minane nilicheza beki — mchana kiwanda cha maboksi, jioni mazoezi, jukwaani watu mia sita, mvua ikinyesha mia mbili. Goti likanisaliti, nikastaafu na shada moja la maua. Leo ndiyo wananijua. Kwa ajili ya nepi!
Wengi wanasema mimi mrembo. Mmoja kaandika: huo mguu wa kushoto, huyu alicheza kweli. Huyo nimemjibu.

Jumatano, 10 Septemba
Mama mkwe, nyumba ya jirani, kaleta achari ya biringanya. Hakuketi. Eti wageni wanapita kuchungulia mtaa, eti mpira unapiga kelele, eti mwanamke aliyezaa harushi miguu hadharani. Nikamwambia chai imeiva, mama. Chai kakataa.
Biringanya nimezimaliza zote.

Jumamosi, 13 Septemba
Wasichana tisa wamekuja maegeshoni nyuma ya nyumba! Waliona video. Mmoja, Ritsu, shuleni kwao timu ni ya wavulana tu, yeye anaokota mipira. Nikamfundisha kusubiri: usitazame uso wa mtu, tazama mpira. Kaninyang'anya mara mbili. Nilitokwa na machozi, nikasingizia jasho.
Jumamosi ijayo, saa nne, tena.

Jumatatu, 15 Septemba
Siku ya Kuheshimu Wazee. Ubao wa matangazo ya mtaa, ule unaopita nyumba hadi nyumba, nao umechagua siku!
Umetoka kwa mama mkwe, namba nne. Tangazo la mwenyekiti, Bi Muraoka: marufuku mpira na video maegeshoni. Nyumba inayokubali ipige muhuri wa ukoo kwenye kisanduku chake. Zote saba zikikubali, linaanza Jumamosi.
Kisanduku chetu kina muhuri tayari. Nishimori. Ukoo mmoja, muhuri hauna jina la mtu. Mama mkwe kapiga mara mbili — kwake na kwangu.
Soma anasema labda hakuvaa miwani. Nikasema muhuri umenyooka kama kaupima. Akasema basi tuache, mama asiaibike.
"Na mimi je?"
Kaenda kubadilisha nepi. Haikuwa imelowa.

Jumanne, 16 Septemba
Muhuri uliokosewa una dawa yake. Kiwandani nilifanya kila wiki: mistari miwili juu yake, muhuri wako pembeni. Nimechora kwa rula, nikapiga muhuri wetu pembeni. Nikaongeza: Hatukubali. Chinatsu, namba tano.
Zamu inayofuata ni ya Bi Muraoka. Lakini nimeurudisha namba nne kwanza. Mama asione haya mbele ya mtaa mzima.
Mama kausoma amesimama. Kotoha akamvuta mkono wa aproni.
"Umetumia rula," akasema.
"Ndiyo, mama."
"Na hao watoto, wakija nitawaambia nini?"
"Waambie saa nne. Waje na maji."
Kaingia na ubao, hajafunga mlango. Naandika hapa kibarazani, mtoto mgongoni, goti linauma. Siondoki bila ule ubao. Ndani droo inafunguliwa. Miwani yake anayo usoni. Droo ile ni ya muhuri: ama afute wake, ama apige wangu tena —