Unga wa Mifupa

3 Februari

Mwanangu Kibiriti,

Salamu nyingi sana. Natumaini barua hii itakukuta salama na mgongo wako umetulia. Mimi ni mzima kabisa, ila masikio tu, na hayo tangu yafe nimepumzika na maneno ya watu.

Nimepata vipimo vyako vipya vya gauni. Nilicheka mpaka nikaweka mkasi chini, halafu nikaacha kucheka. Hicho kiuno umejipima wewe au umezungushia futi pipa la maji? Mwezi wa kumi ulikuwa mwembamba kama jina lako. Mwezi wa kumi na mbili nikafumua upande mmoja. Sasa unataka nifumue pande zote mbili, na huku unaniandikia mikono imepungua! Nimeshona wanawake tangu kabla hujazaliwa. Anayenenepa kwa chakula hunenepa mpaka vidole. Anayenenepa tumbo peke yake ana habari ya kuniambia.

Basi niambie. Sitapiga kelele, na hata nikipiga mwenyewe sisikii. Kama una mimba, sema, nilikate gauni upya tangu kifuani. Harusi ni mwezi wa nne, na huyo fundi wako wa majokofu nimeshamkubali, ingawa kwa shingo upande.

Kopo lako la unga wa mifupa nimelishika kwanza. Mama Vichupa anayetuuzia anasema mwenye mimba asiutie kwenye uji. Ukinijibu vizuri nitatuma.

Ni mimi mama yako

---

9 Februari

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Habari za hapo nyumbani? Habari za magoti? Mimi sijambo, namshukuru Mungu.

Sina mimba, Mama. Nimepima, nikapima tena kwa sababu yako. Laiti ingekuwa mimba, ningejua itaisha lini.

Uso wangu umekuwa duara mpaka mlinzi wa getini alinidai kitambulisho, mtu ninayemsalimia kila asubuhi. Nyuma ya shingo pameota kinundu. Tumboni nina mistari ya zambarau, na nikijigonga kidogo tu kwenye meza ya pasi ngozi inavilia damu. Nakula mara moja kwa siku. Wenzangu hapa dobini wananiita Bonge, na bosi ameniuliza kama nayala mashuka ya wateja. Nilicheka nao, kisha nikaenda kulia kwenye chumba cha mashine ambako hakuna anayesikia.

Nimekwenda hospitali. Daktari alivyoniangalia alisema ana hakika kotisoli yangu iko juu. Hiyo ni homoni ambayo mwili unaitengeneza wenyewe, ndiyo inayokuinua kitandani asubuhi. Majibu yakaja kinyume: iko chini, karibu hakuna. Akarudia kipimo, ikawa vilevile. Akaniuliza natumia dawa gani, nikamwambia situmii dawa yoyote. Akakuna kichwa, akasema nirudi tena.

Tafadhali tuma unga. Kopo limeisha na mgongo umeanza kunikumbusha ulikotoka. Na kuna jambo jingine nisilolielewa: siku hizi asubuhi miguu inakataa kunibeba.

Wako mwanao, Kibiriti

---

15 Februari

Mwanangu,

Salamu zangu zikufikie. Hapa kwema, mimi mzima wa afya.

Daktari anakuna kichwa, nawe unataka mimi nielewe? Miguu kukataa asubuhi, hilo nalijua, lilinipata nilipokuwa na wewe tumboni. Siyo kwamba nakuita mwongo. Nasema tu kwamba kama una la kusema, uje na mchumba wako mnieleze macho kwa macho, nisome midomo yenu. Kopo lako liko kabatini, halitaoza.

Kuhusu kunenepa, usijitie huzuni. Hata mimi uso umejaa. Wateja wananitania kwamba nimepata mume wa siri mwenye duka. Ni raha ya magoti kupona, maana tangu nianze ule unga nakanyaga cherehani kutwa bila kusimama. Huenda na wewe ni raha tu, unaipa majina ya hospitali.

Nimelifumua gauni kama ulivyotaka. Limekaa mezani wazi na linanitazama.

Ni mimi mama yako

---

24 Februari

Mama,

Shikamoo. Sikuulizi hali, utanisamehe. Naandikia kitandani, hospitali.

Nilianguka dobini nikiwa na pasi ya mvuke mkononi. Nimeungua mkono wa kushoto, na wanasema mapigo yangu yalishuka mpaka hawakuyapata vizuri. Mchumba wangu aliacha jokofu la watu katikati ya kazi akaja mbio. Daktari alimwambia alete kila kitu ninachotia mdomoni, hata kama ni jani la chai. Akaleta mfuko mzima, na ndani yake lile kopo lako tupu.

Muuguzi alipoliona tu akaita wenzake. Mama, wameshaona makopo ya namna hii. Ndani ya unga huo kuna vidonge vikali vya hospitali vimesagwa, vinaitwa steroidi. Ndivyo vilivyouondolea mgongo maumivu, na ndivyo vilivyoniumua hivi. Daktari aliponiuliza kuhusu dawa sikumficha kitu. Mimi nilihesabu ule unga ni chakula. Unakuja kwenye mfuko mmoja na unga wa uji, umefungwa kwa fundo lako, ningeuitaje dawa?

Na wewe uso umejaa! Nilikusoma nikacheka, mjinga mimi. Mwaga, Mama. Mwaga wote leo hii, wako na wangu, usitie tena hata punje mdomoni. Na huyo Mama Vichupa asikanyage kwako. Nina hasira.

Mwanao

---

25 Februari

Mama,

Usimwage! Soma barua hii kabla ya ile ya jana, na kama ile umeshaisoma, fanya ninavyosema hapa.

Daktari amekuja asubuhi akanieleza vizuri. Juu ya figo kuna tezi ndogo zinazotengeneza hiyo kotisoli. Zikiona inaletewa tu kila siku kwa kijiko, zinalala. Ndiyo maana nilinenepa kama mtu mwenye nyingi, na damu yangu mwenyewe haina. Sasa ukiukata unga ghafla, kinacholetwa hakipo na tezi bado zimelala. Hicho ndicho kilichoniangusha. Siyo unga, ni kuukosa. Nimeambiwa wapo wanaokufa hivyo.

Kwa hiyo endelea kidogo na kijiko chako kile kile, na uende hospitali ukiwa na kopo mkononi. Watakupa vidonge vyenye kipimo na kukupunguzia polepole.

Nimempigia Mama Vichupa akupe ujumbe, simu amezima. Namba nyingine ya mtaani kwenu sina. Gari la magazeti limeondoka alfajiri na barua yangu ya jana, na hii itasubiri safari ya Jumatatu. Nilitaka kuchanganyikiwa, kisha nikajipa moyo: hujawahi kufanya nilichokuambia hata mara moja. Nilikuambia usipande ngazi, ukapanda. Nilikuambia ununue miwani, hujanunua. Leo ndiyo nashukuru kuwa na mama mkaidi. Endelea hivyo hivyo.

Mwanao, Kibiriti

---

27 Februari

Mwanangu Kibiriti,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima, usiwe na wasiwasi juu yangu. Pole kwa mkono. Pole kwa yote.

Barua yako ya tarehe ishirini na nne niliisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Kumbe ni mimi niliyekuwa nakutumia sumu na kuifunga fundo. Halafu nikakunyima, nikidhani nakushikisha adabu. Sijui nikuombe msamaha wa lipi kwanza.

Safari hii nimekusikiliza. Nimemwaga wote chooni siku ile ile, makopo yote, nikamwaga na maji juu yake. Mama Vichupa nimemtoa mlangoni kwa mkasi mkononi, akakimbia na kapu lake. Umefurahi?

Kidogo tu tangu jana nasikia kichefuchefu, na nikisimama nyumba inazunguka. Nimetapika hata maji. Nadhani ni hasira, na mtu haendi hospitali kwa sababu ya hasira. Ninajifungia ndani nilale. Gauni nimelivuta kitandani, naendelea na pindo kwa mkono, ingawa mishono haikai mstari mmoja.

Dereva wa magazeti anasubiri mlangoni, kwa hiyo naishia hapa.

Ni mimi mama yako

---

28 Februari

Mama,

Barua hii inakuja na mchumba wangu mwenyewe, huyu anayekupa. Ndiye fundi wa majokofu. Usimwangalie viatu wala usimwulize ukoo wake. Mfuate tu.

Barua yako nimeipata sasa hivi na daktari ameisoma kutoka mkononi mwangu. Hapo hapo aliandika karatasi hii utakayoionyesha. Anayetapika vidonge havimsaidii, anatakiwa kuchomwa sindano na kuwekewa maji haraka. Nimetaka kuja mwenyewe, nikaanguka kabla ya kufika mlangoni.

Siku moja tu, Mama! Maisha yangu yote nimeomba unisikilize, ukachagua hii.

Mchumba wangu ana pikipiki ya kuazima na hatapumzika njiani. Nimemwambia husikii, asigonge na kungoja. Kama mlango umefungwa nimempa ruhusa.

Nakupenda. Sijui kama nimewahi kukuandikia hivyo, tunaandikiana vipimo tu. Fungua mlango.

Mwanao

---

(haina tarehe)

Kibiriti wangu,

Mkono huu unaoandika umetobolewa na sindano, vumilia herufi.

Mkwe mtarajiwa wa fundi wako, yaani mimi, nililala sakafuni karibu na cherehani nikiona miguu ya meza tu. Mlango ukaja ndani wote, na fremu yake. Juu yake kijana mwenye vumbi mpaka kwenye kope, mdomo unafunguka na kufungika. Sikusikia kitu lakini nilisoma. Alikuwa anasema mama, mama. Alinibeba mgongoni kama jokofu. Wanasema tungechelewa kidogo tu, pasingekuwa na wa kuokoa. Mwambie shingo yangu haiko upande tena, na mlango atautengeneza mwenyewe.

Sasa nameza vidonge asubuhi kama wewe. Daktari wa hapa anasema tezi zangu zitaamka polepole, huenda mwaka, huenda zaidi, na uso utarudi kwa wakati wake. Naogopa, mwanangu. Magoti yameanza kuuma tena na naogopa kila ninaposimama. Nilidhani nikikuandikia hivi nitakutia unyonge.

Gauni nililirudisha kwenye mishono ya mwanzo kabla sijaanguka. Kiunoni sijalifunga. Asubuhi ya harusi utasimama mbele yangu, nitalishona juu ya mwili utakaokuwa nao siku hiyo, uwe mpana au mwembamba. Vipimo sitaki tena.

Nimezitazama barua zetu hapa kitandani, huyu kijana aliziokota zote pamoja na ile ya kusema nisimwage, aliyoikuta mlangoni. Zangu zote, na yako ya kwanza, zinaanza kwa kusema mimi mzima. Ya kwangu ya mwisho niliandika hivyo nikiwa na beseni la matapishi mapajani.

Basi usiniandikie tena kwamba u mzima kama si mzima. Niandikie ulivyoamka leo. Mimi leo nimeamka nikiwa dhaifu, nimekunywa nusu kikombe, na nimekukumbuka mpaka nikalia mbele ya muuguzi.

Mama yako