Mama Salma, Nimepata Pa Kukaa

Mama Salma mpendwa,

Shikamoo mama. Najua safari hii hutaniitikia, lakini sijawahi kuanza kuzungumza nawe bila kukuamkia, na sitaanza leo.

Nimepata chuo. Ni kile chuo cha biashara cha Ufaransa nilichokuonyesha picha zake kwenye simu ukiwa umelazwa, ukaniuliza kama watu wanaosoma ndani ya majengo ya vioo hawaoni aibu kuangaliwa. Majibu yamekuja wewe umeshatutoka. Kila aliyenipongeza hapa Karatu ameniuliza kuhusu masomo: nitasoma nini, nikirudi nitakuwa nani. Baba Salma aliniuliza kama huko kuna msikiti karibu, kisha akakumbuka kwamba mimi ni Mkatoliki, akacheka mpaka akajifuta machozi. Hakuna aliyeniuliza lile ambalo wewe ungeuliza hata kabla ya kunipongeza, yaani nitalala wapi.

Ndilo swali la kwanza uliloniuliza tulipokutana.

Nilikuwa kidato cha pili. Kwetu ni Oldeani, kwenye nyumba za wafanyakazi wa shamba la kahawa, ambako baba na mama walikuwa wamefika kutoka Mbulu kabla sijazaliwa. Shule niliyopangiwa ilikuwa mjini, na ile barabara wakati wa mvua unaijua mwenyewe. Baba akanitafutia geto, chumba kimoja nyuma ya stendi, mimi na mwenzangu Elizabeti. Tulipika wenyewe, tukafua wenyewe, tukajiona watu wazima. Kisha Elizabeti akaacha shule, akaenda Arusha kufanya kazi za ndani, nikabaki peke yangu. Haikuchukua muda, mwanamume mmoja akaanza kunigongea mlango kila giza likiingia. Hakutaja jina. Aligonga taratibu, kama mtu aliyekaribishwa.

Nikaja dukani kwenu kununua kufuli. Nilikuwa na sare ya shule na begi mgongoni. Nilikuomba lile kubwa kuliko yote, lililoning'inia juu ya ndoo za plastiki. Ukalishusha, ukalishika mkononi, hukunipa. Uliniuliza mtoto wa shule anafungia nini kwa kufuli la ghala. Nikasema nafungia chumba, kwa ndani. Ukanisogelea ili wateja wengine wasisikie.

"Unalala wapi, mwanangu? Na unalala na nani?"

Sikumbuki nilichojibu. Nadhani nilisema tu kwamba kuna mtu anagonga. Wewe ukawageukia wateja, ukawaambia duka linafungwa. Ilikuwa mchana kweupe, siku ya mnada, mji umefurika watu wenye hela ya kutumia, na wewe ukafunga duka. Tulipofika geto ulikunja godoro langu ukajitwika mwenyewe, mimi ukanipa sufuria na ndoo. Njiani watu walikusalimia huku wakishangaa, nawe ukawaitikia kama vile mke wa mwenye duka kutembea na godoro kichwani ni jambo la kila siku.

Baba Salma alitukuta uani. Aliliangalia godoro, akaniangalia mimi, akaenda kuswali. Nilijua narudishwa. Jioni, tukiwa tunakula, alizungumza nawe kana kwamba mimi sipo. Alisema binti huyu ana dini yake na ana wazazi wake, na watu wa mji huu wana midomo. Akisikika amekaa hapa bila kwenda kanisani, itasemwa tumemchukua ili tumsilimishe. Kwa hiyo kila Jumapili atakwenda misa, nguo zake ziwe zimepigwa pasi, na Salma atamsindikiza mpaka geti la kanisa. Kisha akanisogezea sahani ya nyama. Ndivyo nilivyojua nimekubaliwa.

Sijui kama uliwahi kujua jinsi nilivyolala siku hiyo. Chumba chenu cha uani kilikuwa na magunia ya maharage upande mmoja na kitanda cha Salma upande wa pili, na harufu ya sabuni za dukani. Nilisikia wewe na Baba Salma mkibishana chumbani kwenu kuhusu bei ya mafuta ya taa. Nikalala nikiwasikiliza. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi kulala kabla sijachoka kabisa.

Kisha baba akaja.

Alikuwa amesikia kwa watu, na kwa hilo simlaumu. Alisimama nje ya geti la uani na koti lake la shambani, buti zikiwa na tope la Oldeani, akakataa kuingia. Ulimkaribisha kwa chai, akakataa. Ulimletea kiti pale pale nje, akakataa. Mimi nilikuwa nimejibanza nyuma ya mlango wa jiko nikiomba ardhi ipasuke.

"Mtoto wangu si yatima," alikuambia. "Ana baba."

"Najua ana baba," ulimjibu. "Ndiyo maana nimetuma watu wakutafute. Sijamchukua mtoto wako, Baba Paskalina. Akimaliza shule atarudi kwako na cheti chake. Ila kule nyuma ya stendi hatarudi."

Ukamweleza habari za yule mtu aliyekuwa akinigongea. Baba hakuwa anajua. Nilikuwa nimeogopa kumwambia. Aliziangalia buti zake. Akasema nikae mpaka mitihani ya kidato cha nne iishe, akageuka akaondoka. Msimu wa mavuno ulipofika alituma gunia la mahindi kwa gari la shamba, bila ujumbe wowote, na akaendelea kutuma kila mwaka. Lakini yeye mwenyewe hakuvuka geti lenu. Mama yangu alikuwa akija kimya kimya siku za mnada, mnakaa naye jikoni mnacheka, kisha anarudi Oldeani kabla baba hajatoka kazini. Nilipomaliza kidato cha nne, nilipokwenda chuo Arusha, nilipoajiriwa hoteli kule juu Ngorongoro, kila mara baba alinisindikiza mpaka kona ya duka lenu, akaishia hapo.

Nataka pia nikukumbushe ile siku ya kreta ya Ngorongoro. Ulikuwa umeishi Karatu tangu uolewe kutoka Kondoa, umewauzia shuka na maji madereva wote wa watalii, na hujawahi kupita lango la hifadhi. Nilipopata kibali cha kuleta ndugu, nikakuchukua wewe na Salma. Tulifika ukingoni tukakuta ukungu mtupu, mweupe kama pazia. Ulikaa ndani ya gari umejifunika kanga mbili juu ya sweta, ukasema umetoka nyumbani kuja kuangalia moshi. Mara ukungu ukafunguka, bonde lote likaonekana chini, ziwa likimetameta. Ulishuka garini, ukasimama. Mwishowe ukanong'ona, "Kumbe wazungu hawakuwa wanatudanganya." Salma mpaka leo akisimulia hicho kisa anashindwa kukimaliza kwa sababu ya kicheko.

Sasa nikueleze habari ya makazi, maana ndiyo iliyonifanya nikuandikie.

Chuo kimenipa ufadhili, lakini hakina mabweni ya kutosha. Wanafunzi wanajikusanya makundi makundi na kupanga nyumba katika vijiji vya jirani, nyumba za zamani za mawe zenye bustani. Kuna kundi kwenye simu ambako watu wanatafutana. Wengi ni watu wa benki na makampuni makubwa, wanafahamiana tangu kazini, wanaandika kwamba wanapenda kuteleza kwenye theluji na kunywa mvinyo, kisha wanachaguana. Nilisoma meseji zao wiki nzima sikuandika hata neno. Mimi, tangu nitoke hotelini, nilikuwa napanga safari za watalii hapa Karatu, ningejieleza nini? Nikapata chumba cha peke yangu, mbali na chuo, juu ya duka lililofungwa. Nikamwambia Salma nimeamua hicho.

Salma alikuwa anamnyonyesha mwanawe. Hakuinua hata kichwa. "Mama alikutoa geto," alisema, "na wewe unataka kurudi geto kwa ndege."

Niliona hasira, mama. Kisha nikacheka. Kesho yake nikaandika kwenye lile kundi, kwa ufupi, kwamba natoka Karatu, nimekulia kwenye nyumba za shamba na kwenye nyumba ya familia isiyo ya damu yangu, na natafuta watu wa kuishi nao. Watatu wakanijibu: mmoja wa Brazili, mmoja wa India, na mmoja wa Polandi anayeitwa Marta. Tukapigiana simu ya video. Mtandao ulikatika mara kadhaa, nikajua nimeshindwa. Marta, ambaye sura yake haikucheka hata kidogo, akaniuliza huwa nafanyaje nikigombana na mtu ninayeishi naye.

Nikawasimulia habari yako. Niliwaeleza siku mimi na Salma tulipogombana kwa sababu ya mtandio wake nilioutia jiki ukapauka, tukanuniana, na wewe ukatukabidhi vyombo vyote vya futari tuvioshe pamoja, mmoja asugue, mwingine asuuze, na hakuna kutoka pale mpaka mtu aseme neno. Tulipomaliza kuosha bila kusema, ukatoa na vile visafi kabatini, ukatuongezea. Salma ndiye aliyeanza kucheka. Niliwaeleza pia kwamba mwezi wa Ramadhani ulikuwa unanipikia mchana na kunikalisha nile mbele yako, wewe ukiwa umefunga, kwa sababu niliwahi kujaribu kujificha nikashinda njaa ili nisiwakwaze. Ulisema mtoto wa mitihani hali chakula kwa kujificha. Yule wa India akainama, akasema nyumbani kwao bibi yake alikuwa hivyo hivyo. Marta akasema basi, chumba cha kuangalia bustani ni changu.

Kwa hiyo nimepata pa kukaa. Jiko ni moja, kwa watu wanne. Nimeshawaambia nitapika maharage ya nazi, wakaniuliza kama ni chakula cha sherehe, nikasema ndiyo. Koti la baridi nimelipata mnadani, kwenye marundo ya mitumba, zito hasa. Salma alilijaribu akasema nimevaa godoro. Mizigo iko tayari. Zilizobaki ni kazi za kuaga.

Jumapili iliyopita Salma alipika pilau ya kuniaga, pale pale uani kwako. Mama yangu alifika mapema kusaidia. Nilidhani baba atanisubiri kwenye kona, kama kawaida yake. Tulikuwa tunapakua nikasikia mtu anapiga hodi. Alikuwa yeye, amevaa koti lake la kanisani, buti amezipiga rangi. Baba Salma, ambaye siku hizi anatembea kwa fimbo, alinyanyuka mwenyewe kwenda kumpokea, akamshika mkono hakuuachia. Baba alivua buti zake getini, akaingia.

Hakuketi kwanza. Aliomba aonyeshwe chumba nilicholala. Salma siku hizi analaza watoto wake humo, na magunia hayapo tena. Baba alisimama katikati, akaangalia dirisha, akaangalia dari, akakaa kidogo kitandani kama mtu anayepima uimara wake. Nikaona mikono yake ya kuchuma kahawa imetulia juu ya magoti. Alisema, bila kuniangalia, kwamba miaka yote alihisi akiingia humu atakuwa amekiri kwamba alishindwa kunilinda. Nikamwambia hakushindwa, yeye ndiye aliyeniacha nibaki, na mwanamume mwingine angenirudisha Oldeani siku ile kwa ajili ya heshima yake. Alinipigapiga begani mara kadhaa, tukatoka kwenda kula. Alikula sana, mama. Salma alimwongezea na hakukataa.

Baada ya chakula akamwomba Baba Salma ampeleke makaburini. Mimi na Salma tuliwafuata, tukabaki kwenye ua wa minyaa. Baba Salma alikuombea dua, viganja wazi, sauti yake ikikatika katikati. Baba alisubiri mpaka amalize. Yeye hajui dua zenu, na kofia alikuwa ameivua bila kujua kama ndivyo inavyotakiwa. Alizungumza kwanza Kiiraki, lugha ya kwetu Mbulu, maneno machache sikuyasikia vizuri. Halafu akasema kwa Kiswahili, taratibu, kama mtu aliyekuja kupiga hodi kwa jirani:

"Mama Salma, mimi ni Baba Paskalina. Nimechelewa kuja kukusalimia."

Kisha wakakaa wote wawili kwenye majani, wazee wale, wakazungumza habari za mvua.

Kesho alfajiri naondoka. Lala salama, mama yangu. Mungu akupe nyumba njema huko uliko, yenye uani na watu wengi.

Ni mimi, binti yako wa chumba cha uani,

Paskalina